Mashine ya Karata ya Kinyozi Pandu

Asubuhi ile Pandu alipofungua duka lake la kunyolea pale Mkunazini, mjini Unguja, aliikuta sakafu safi. Mtu atauliza, sakafu safi ina ubaya gani? Ubaya wake ni kuwa jana yake alifunga duka bila ya kufagia. Mgongo ulikuwa ukimuuma, akazisukuma nywele za wateja kwa mguu mpaka kwenye pakacha la taka, zilizobaki akaziacha zilivyo, akasema kesho. Sasa kesho imefika, sakafu haina hata unywele mmoja, na pakacha tupu. Tena si tupu tu, limelowa. Akaligusa kwa ncha ya kidole, kidole kikarudi na ute unaovutika, una joto, unanuka kama mdomo wa mtu aliyeamka.

"Kefule!" akasema Pandu, na mbio kwenye beseni.

Maana Pandu alikuwa mtu wa usafi uliopita mpaka. Nyembe zake akizichemsha kama mtu anayepika mayai, na mikono akiiosha kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikakunjamana. Mteja akipiga chafya kitini, Pandu anatoka nje barazani kwanza, akarudi baadaye. Na alikuwa mtu wa kidogo kidogo. Sukari kidogo, maneno kidogo, sadaka kidogo. Hata ovu akilifanya, analifanya kidogo, halafu anajihesabia kuwa hakulifanya. Watu wa namna hii wanachosha. Bora mwizi anayejijua kuwa mwizi.

Alipokwisha kunawa ndipo alipoona kuwa ule ute una njia yake. Ulianzia kwenye pakacha, ukapita chini ya kiti cha kunyolea, ukaishia pembeni, kwenye shuka jeupe.

Chini ya shuka lile kulikuwa na mashine ya karata. Aliyeileta ni Majid, shemeji yake, kaka wa mkewe Mwanamwema. Majid alikuwa mtumishi katika klabu moja ya wageni huko Shangani, na Mapinduzi yalipokuja, wenye klabu wakaondoka na nguo za mwilini tu. Majid akaona mashine haina mwenyewe, akaipakia kwenye gari la ng'ombe, akaifunika makuti, akamletea Pandu aifiche dukani. Lilikuwa sanduku la chuma lenye kimo cha mtoto wa chuo cha Kurani. Mbele lina madirisha matano ya kioo, na ndani ya kila dirisha gurudumu lililochorwa karata. Chini ya kila dirisha kuna tundu, na ubavuni mkono wa kuvutia. Unatia peni, ile senti kumi ya zamani yenye tobo katikati, unavuta mkono, karata zinazunguka. Zikisimama kwa mpango mzuri, inakutemea pesa.

Na ilikuwa na sheria yake. Ukitia peni moja kwenye tundu moja, hata zikisimama karata kubwa zote tano za aina moja, unapata kidogo tu. Ukiyajaza matundu yote matano na karata hizo zikasimama, mashine inafungua tumbo lote.

"Shemeji, tia tano," Majid alikuwa akimwambia kila siku. "Ukitia moja unaipa chakula bure. Siku bahati ikija, itakukuta mikono mitupu."

"Moja inantosha," Pandu akijibu. "Moja si kamari. Moja ni kujiburudisha tu."

Basi kila siku akitoka msikitini kusali alasiri, anarudisha mlango, anafunua shuka, anatia peni yake moja, anavuta, anafunika. Hata zilipokuja pesa mpya, na zile peni za tobo zikarudishwa benki, na sarafu mpya zikawa haziingii kwenye matundu, alihuzunika kidogo. Majid akaifungua mashine kwa bisibisi, akakomba peni zote zilizokuwamo, asibakishe hata moja. Tangu hapo shuka halikufunuliwa tena.

Sasa asubuhi hii Pandu akalifunua. Kwenye tundu la kwanza kilikuwa kimening'inia kishungi cha nywele nyekundu za hina. Za Mzee Jaku muuza kahawa, hakuna mwingine mtaani anayetia hina kichwani. Na Pandu akiwa ameinama anazitazama, zile nywele zikaanza kuvutwa ndani, taratibu, kama mtoto anavyovuta tambi kwa midomo, mpaka ukaingia unywele wa mwisho. Mkono wa mashine ukashuka wenyewe. Karata zikazunguka, zikasimama. Kwenye kisahani cha chini ikaanguka peni moja, ya zamani, yenye tobo, imepakaa ute, ya moto.

Mtu mwenye akili angetoka mbio akapiga kelele mpaka Darajani wakasikia. Pandu aliiosha peni. Akaiosha kwa sabuni, akaiosha tena, akaikausha kwa taulo, akaitia mfukoni. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja akafikiri kwa hisabu zake zile zile. Kamari ni kuweka pesa, akasema. Hapa nani kaweka pesa? Nywele ni taka, zingekwenda kutupwa. Basi hapa hapana kamari, wala hapana dhambi. Na alasiri ile alipotoka msikitini, akarudisha mlango, akaokota chini nywele kwa vidole viwili, akatia tundu moja.

Kidogo tu.

Ikawa ndiyo desturi yake. Akitia, anasikia kitu kinatafuna huko ndani, meno yanasagana polepole, kisha kinameza, kisha kinacheua, na pumzi ya kule kucheua inampiga usoni, pumzi ya nyama iliyokwama menoni siku nyingi. Mate yanamjaa mdomoni, anakimbilia beseni. Na kesho yake anarudi. Wateja wakaanza kuvuta pua kitini. "Pandu, kuna panya kafa humu ndani," wanamwambia. Yeye anafukiza ubani, anasema ni mtaro wa nje.

Majid hakuchelewa kugundua. Siku moja alichungulia dirishani, akaona. Hakuogopa hata kidogo, yule. Akaingia, akaokota nywele akajaza matundu matano, akavuta, akapata peni tano zenye ute. Akazifuta kwenye msuli aliojifunga kiunoni, Pandu akageuza uso kwa kinyaa.

"Hizi nywele za watu wazima ni makombo," Majid akasema, akiinusa peni. "Ndiyo maana inatoa makombo. Hii inataka kitu kipya, shemeji. Kisichopitiwa na wembe."

"Mimi simo," Pandu akasema. "Mimi yangu kidogo tu."

Kisha siku hiyo akaja Mzee Jaku, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu nitazame hapa. Huo wembe wako una nini, mwanangu?"

Utosini mwa Mzee Jaku palikuwa na kipara kipya. Hakina kovu wala upele. Kina umbo la mdomo uliofunguliwa, ngozi yake nyeupe, laini, imelowa, kama kidole kilichonyonywa na mtoto. Pandu akajua. Akasema ni mapunye, akampaka ndimu, akaenda kunawa. Baada ya Jaku wakaja wengine. Na kila alasiri Pandu akijiambia kuwa atapunguza. Kweli akapunguza, badala ya vidole viwili vilivyojaa, akatia vidole viwili visivyojaa.

Nyumbani, mambo mengine yote yalikuwa furaha. Mwanamwema alikuwa ameshazika watoto wawili, wote kabla ya kutimiza arubaini, na sasa alikuwa na Wanu, mtoto wa kike mwenye nywele nyingi nyeusi kama kazaliwa nazo za mtu mzima. Siku zote zile Mwanamwema hakutoka ndani, kisu chini ya mto, wanja usoni mwa mtoto, hata mlango ukivuma anashtuka. Siku ya arubaini ikafika, mtoto mzima, ananyonya mpaka anakoroma. Pandu akamnyoa mwenyewe, mikono yake haijawahi kuwa miepesi vile. Mwanamwema akazikusanya zile nywele, asiache hata moja, akazifunga kwenye kitambaa cheupe, akampa.

"Kazifukie kwa mama, chini ya mgomba. Usipite popote, Baba Wanu. Hizi hazizururwi nazo."

"Siziachi mkononi," Pandu akasema.

Lakini adhana ya alasiri ikamkuta njiani, na alasiri ina desturi yake. Akajiambia, napita dukani mara moja tu, natia changu kidogo, naondoka. Ila kwa kuwa alikuwa mwangalifu, hakutaka kile kitambaa kikae karibu na mashine. Akakifungia kwenye mtoto wa meza, chini ya mataulo, akaenda zake kusali kwanza. Kwa akili yake alikuwa amefanya jambo la maana.

Aliporudi, mlango ulikuwa wazi, na mtoto wa meza umevunjwa.

Majid alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine. Kitambaa kimekunjuliwa sakafuni, hakina kitu. Matundu yote matano yamejaa, na kutoka kila tundu zinaning'inia nywele laini nyeusi, na zote tano zinavutwa ndani kwa pamoja, haraka haraka, kwa pupa, na mashine inatikisika, na kutoka ndani inatoka sauti Pandu hajapata kuisikia, sauti ya kitu kinacholia kwa utamu, kinachonyonya na kulamba na kuhema kwa wakati mmoja, na ute unachuruzika madirishani mpaka chini, na Pandu anataka kusema acha lakini mdomo wake umejaa matapishi.

"Tano, shemeji!" Majid akanong'ona. "Tano za mtoto!"

"Majid, ni mwanangu. Ni mpwa wako huyo."

"Ni nywele tu. Si wewe mwenyewe uliyesema? Taka tu."

Akavuta mkono. Karata kubwa zote tano, za aina moja, zikasimama mstari mmoja. Mlango wa tumbo ukafunguka, na mashine ikatapika. Ilitapika pauni za dhahabu za zamani, na pamoja nazo mabonge ya nywele zilizochacha, vinyama vyeupe vya vichwa vya watu, na maji mazito ya manjano yaliyotambaa mpaka kwenye viatu vya Pandu. Majid akaingiza mikono mpaka viwiko katika uchafu ule, akazoa, akajaza msuli wake, akatoka bila ya kuangalia nyuma. Hakuonekana tena Unguja. Wanasema yuko Mombasa, kanenepa, ana duka. Kama mnangoja kusikia kuwa alipata balaa, hamtasikia.

Pandu alifika nyumbani jua linazama. Mwanamwema alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, na kanga mkononi. Alisema kwa sauti ndogo sana, kama anayeogopa kusikiwa na mtu aliyemo chumbani.

"Baba Wanu, kuna kitu kinamlamba mwanangu."

"Jasho hilo."

"Si jasho. Nikimfuta analowa tena. Mnuse."

Pandu akainamisha pua juu ya kichwa cha mwanawe, kichwa kidogo kilichonyolewa, na harufu akaijua kabla hajamfikia. Na pale pale mbele ya macho yake, ngozi ya utosi ikabonyea, kama inayopitiwa na ulimi, ikaenda kutoka paji la uso mpaka kisogoni, ikaacha njia ya ute, na mtoto hakulia, alifumbua macho tu, mazito, kama mtu anayeishiwa na nguvu, na siku iliyofuata hakunyonya, na iliyofuata mbavu zake zikaonekana, na Mwanamwema akawa hasemi, anafuta tu, anafuta na kukamua kanga, anafuta na kukamua, mpaka Pandu akaanguka miguuni pake akamwambia kila kitu.

Mwanamwema akakamua kanga. Kisha akamtemea mate usoni.

"Nenda kamlete Bi Kazija, yule mganga," akasema. "Na mtoto usimguse."

Bi Kazija alikaa Mtoni, karibu na magofu ya jumba la zamani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, hapendi maneno. Aliingia dukani mchana kweupe, akaziba pua kwa buibui, akaizunguka mashine na chetezo.

"Nani anamlisha huyu?"

"Majid, bibi. Ndiye aliyetia tano."

"Sikukuuliza nani aliyetia nyingi. Nimekuuliza nani anayemlisha."

Pandu akaanza kunawa mikono.

"Majid kacheza, kalipwa, kaenda zake," Bi Kazija akasema. "Huyu hata hamkumbuki. Anayemjua ni wewe. Wa kila alasiri. Wa kidogo kidogo. Hivyo ndivyo watu wanavyofuga jini, mwanangu. Hawampi ng'ombe, wanampa yai moja, kila siku, saa ile ile. Umemfuga, na sasa anakula kwako."

"Nifanye nini, bibi?"

"Utatia tano. Kwa mara moja, zote zako, kisha humpi tena kitu maisha yako. Nywele zako, kucha zako, mate yako, damu yako, na jino lako. Jino zima, umenisikia? Ukimpunja, hatoki. Anahama tu."

Pandu akanyoa kichwa chake, akakata kucha, akatema mate kwenye pamba. Bi Kazija akampiga chuku ya mgongoni kwa pembe ya ng'ombe, akainyonya ile pembe mpaka damu nzito nyeusi ikaja, akaitia kwenye pamba nyingine. Likabaki jino. Pandu akasema ataling'oa mwenyewe, akaingia nyuma ya pazia na koleo.

Akasimama mbele ya kioo, mdomo wazi. Meno yake yalikuwa mazuri, aliyasugua kwa mswaki asubuhi na jioni. Akaweka koleo kwenye jino zima la mbele, akavuta kidogo, machozi yakamtoka. Akaweka kwenye jingine. Kisha ulimi wake ukaenda wenyewe kwenye gego la nyuma kabisa, lile bovu, jeusi, lenye tundu ubavuni, lililokuwa likimsumbua tangu mwezi wa Ramadhani, aliloona haya hata kumwonyesha daktari. Hili lingetoka tu, akawaza. Na jino ni jino. Mwanawe yuko nyumbani anakufa, na Pandu amesimama mbele ya kioo anapiga hisabu. Likatoka kwa mvuto mmoja, na harufu yake. Akalisuuza, akalizungushia pamba vizuri lisionekane.

"Zima?" Bi Kazija akauliza.

"Zima."

"Sema wallahi."

"Zima, bibi," Pandu akasema. Kuapa uongo ni dhambi kubwa.

Pandu akayajaza matundu matano. Akavuta mkono. Karata nne zikasimama pamoja, sawasawa. Ya tano ikaendelea kuzunguka, ikapunguza, ikatetemeka, ikasimama kati ya karata mbili, nusu huku na nusu huku. Mashine ikacheua kwa muda mrefu. Tumbo likafunguka, na juu ya bonge la uchafu zilikuwamo nywele za Wanu, nyeusi, kavu. Bi Kazija akazitoa kwa pamba akizisomea dua, na nyumbani, saa ile ile, Mwanamwema akapitisha kanga juu ya kichwa cha mtoto, ikarudi kavu. Mtoto akalia. Akatafuta ziwa.

Mashine ikapelekwa Mtoni, ikatupwa kwenye kisima kikavu nyuma ya magofu, ikamwagiwa chumvi na mawe. Wanu akanenepa, akatambaa, akasimama dede, akasema "baba" kabla ya "mama". Mwanamwema, ingawa alichelewa, akamsamehe mumewe. Mwaka ukapita na wa pili ukaingia, dukani harufu hakuna, vichwa vya wateja vyote vizima. Pandu alianza tena kucheka.

Siku moja Mwanamwema alikuwa na harusi, akamwachia mtoto dukani. Alasiri ilipoingia, Pandu akasali hapo hapo juu ya mkeka. Alipotoa salamu, Wanu alikuwa amesimama mbele yake, anakohoa.

"Una nini, mwanangu? Umemeza nini?"

Mtoto akatema kitu kwenye kiganja chake kidogo, akanyoosha mkono. Ilikuwa peni. Ya senti kumi, ya zamani, yenye tobo, imepakaa ute, ya moto. Unguja nzima peni ile ilikuwa haitumiki tena.

Pandu akamkalisha mtoto gotini, akamfungua mdomo kwa vidole akamwelekeza kwenye mwanga wa mlango. Meno madogo ya maziwa yalikuwa yamejipanga mbele, meupe. Na huko nyuma, ambako kwa umri wake pangekuwa na ufizi mtupu, lilikuwa limeota gego la mtu mzima, kubwa, jeusi, lenye tundu ubavuni. Pandu alilijua. Pumzi ikampanda usoni, nayo akaijua.

Akataka kumtupa. Akataka kumkumbatia. Akafikiri kumwita Bi Kazija, na kwamba atauliza habari za jino, na Mwanamwema atakuwapo anasikia.

Wanu hakufunga mdomo. Aliuacha wazi, anamtazama baba yake kwa macho ya upole, anangoja, na huko ndani kitu kikaanza kusaga meno polepole.

Pandu akaiosha ile peni kwa sabuni, akaikausha, akaitia mfukoni. Akarudisha mlango. Kisha akainama, akaokota nywele sakafuni kwa vidole viwili.

"Kidogo tu, mwanangu," akamwambia.